Ndoo Niliyoikalia Nyahanga

Nilikwenda Kahama kumwokoa mzungu. Nasema hivyo bila kuona haya, maana ndivyo nilivyowaaga wenzangu wa kikundi chetu cha kinamama hapa Morogoro, nao wakanitazama kama mtu anayekwenda vitani.

Mzungu mwenyewe ni Mzee Arvidi, fundi wa kuchimba visima vya maji, ambaye nilikuwa karani wake kwa miaka mingi. Alipostaafu hakurudi kwao Ulaya. Alimfuata mke wake wa pili, Mama Minza, nyumbani kwao Nyahanga, pale Kahama mjini, wakajenga. Mama Minza akafariki, akazikwa nyuma ya nyumba, na mzee akabaki na kaburi, gari moja la mizigo na sukari mwilini.

Binti yake wa ndoa ya kwanza, Ingridi, alikulia hapa kwetu na Kiswahili chake kinawashinda wanangu. Siku moja alinipigia simu kutoka huko kwao. "Mama Halima, baba ametengwa. Mtaa mzima haumsalimii. Naogopa watamdhuru. Nenda ukaone. Kama si salama, mwisho wa mwezi namfuata nimlete huku kwenye nyumba ya wazee."

Akanitumia pia Mwongozo wa Usalama aliomwandikia baba yake, kurasa kumi na mbili. Niliuchapisha, nikautia jalada la plastiki. Mimi ni karani, karatasi ikipangwa vizuri naiamini.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Morogoro. Ukurasa wa pili unasema mkoba usiachwe hata dakika moja, kwa hiyo niliukumbatia Dodoma nzima na Singida nzima. Nzega alipanda mchimbaji mmoja wa dhahabu aliyekuwa anakwenda Mwakitolyo, buti zake zimejaa vumbi jeupe. Aliutazama mkoba, akanitazama mimi, akainama kwa adabu.

"Shikamoo mama. Samahani. Ukiubana hivyo huku kwetu watu watajua umebeba dhahabu."

"Nina kanga na dawa za presha," nikamwambia.

"Basi uweke chini, mama. Watu watakufuata bure."

Niliuweka chini, nikaukanyaga kwa miguu yote miwili. Nililala Shinyanga kwenye nyumba ya wageni, kiti nimekisukumia mlangoni kama ukurasa wa tatu unavyoelekeza. Asubuhi mhudumu aligonga kuniletea chai akashindwa kuingia, akaniuliza kwa huruma kama nimegombana na mume.

Saa tano siku ya pili nikashuka Kahama, na bodaboda ikanifikisha Nyahanga. Nyumba ya Mzee Arvidi haikuhitaji kuulizwa. Majirani wote wana ua wa minyaa na miti ya kukatwakatwa. Yeye ana ukuta wa matofali wenye seng'enge juu na geti la chuma lenye kufuli tatu. Alichukua muda mrefu kufungua. Nilipomwona nilitaka kulia. Alikuwa amekonda, shati limeningʼinia, na alinishika mkono hakutaka kuuachia.

"Wewe ni mtu wa kwanza kuniamkia kwa wiki tatu," alisema.

Tukakaa uani karibu na kaburi, akanieleza. Jioni moja, jua halijazama, alisikia mwano. Huo ndio ukelele wa hatari wa Wasukuma: mmoja akiupiga, wanawake wanaupokea nyumba kwa nyumba, filimbi zinafuata, na kila mwenye miguu anatoka. Wezi walikuwa wamewaswaga maksai wawili wa Mama Kabula, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane anayelima kwa hao hao. Lakini Mzee Arvidi alikuwa na mwongozo. Ukurasa wa saba: ukisikia makelele mtaani, funga milango, zima taa, ingia bafuni, usimfungulie mtu yeyote hata kama sauti unaifahamu.

"Nikaingia bafuni," alisema. "Waligonga geti. Walitaka gari. Hakuna mwingine mwenye gari mtaa huu."

Watu walikimbia kwa miguu mpaka barabara ya Geita. Maksai mmoja wakampata. Wa pili alikwishapakiwa, na ng'ombe akifika kwenye machimbo ya Geita asubuhi, mchana ni supu. Walipokuja kumwambia atoe mbuzi wa faini kama desturi ya mtaa, alisoma ukurasa wa tisa: usimpe kitu anayekudai kitu, huo ni utapeli. Akawaonyesha karatasi. Tangu hapo maziwa hayaji, salamu hazijibiwi, na aliyekuwa akimfulia amepata udhuru.

"Juzi niliteleza bafuni," aliongeza polepole. "Nikakaa chini saa nzima. Niliita. Walisikia, najua walisikia." Akageukia kaburi. "Ingridi akinichukua, huyu nitamwachia nani?"

Nikafanya ninachokijua: nikafungua mwongozo nione tumekosea ukurasa gani.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nilikuwa bafuni nafua kanga zangu. Mzee alikuwa amelala sebuleni. Ghafla ukapigwa ukelele mkali upande wa pili wa ukuta, ukapokewa huku, ukapokewa kule, kisha filimbi. Wasomaji wangu, sitawaficha. Nilikomea mlango wa bafu kwa ndani, nikamwaga maji ya kufulia, nikaigeuza ndoo, nikaikalia. Nilijisikia mwerevu sana.

Nikasikia kandambili za mzee zinakuja mbio.

"Mama Halima! Moto! Jiko la Mama Kabula linaungua! Nipe ndoo!"

"Ukurasa wa saba, Mzee Arvidi!" nikamjibu kutoka juu ya ndoo. "Hata kama sauti naifahamu!"

Alisema neno la kwao ambalo mimi, karani wake wa miaka mingi, ninalielewa. Kisha nikasikia sufuria zinaanguka jikoni, kufuli zinafunguliwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na gari linawashwa. Baadaye nilielezwa kwamba alilirudisha nyuma akavunja ua wa Mama Kabula, akafungulia tangi la maji lililokuwa juu ya gari, na yeye mwenyewe, miaka sabini na minne, akamwaga maji kwa sufuria ya ubwabwa mpaka nyusi zikaungua. Jiko la nyasi lilikwisha. Nyumba ilipona, pamoja na maksai mmoja aliyefungwa nyuma yake.

Mimi nilitoka bafuni harufu ya moshi ilipoisha.

Asubuhi iliyofuata geti lilikuwa wazi. Mama Kabula aliingia bila kugonga, kibuyu mkononi.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia mzee.

"Mwangaluka, mayu," mzee akajibu.

"Wabeja," akamshukuru. "Ua wangu utaujenga, lakini wabeja." Akammiminia maziwa kikombe kimoja.

"Shikamoo, Mama Kabula," nikasema mimi kwa uchangamfu wote, ingawa nadhani namzidi umri.

Mama Kabula akaufunga mdomo wa kibuyu na kutoka. Nilitazama kikombe. Kilikuwa kimoja kweli. Nilikwenda dukani, muuza duka akawa anapanga viberiti. Nikawasalimia wanawake kisimani, wakakumbuka kwamba ndoo zao zimejaa. Mpaka saa sita nilikuwa sijapata salamu hata ya kuazima, na nikaanza kuogopa kweli. Mtu akikutukana unajua yuko wapi.

Mchana akaja Mzee Shija, kiongozi wa ulinzi wa mtaa, na fimbo yake. Hakukaa.

"Mama wa Morogoro. Jana ulilala mtaa huu?"

"Ndiyo, baba."

"Mwano uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ulikuwa mgonjwa? Una mtoto mchanga?"

Nilitamani kusema presha. "Nilikuwa bafuni," nikasema. "Nimekalia ndoo."

Mzee Shija aliegemea fimbo yake. Nadhani hilo la ndoo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Atasamehewa, ni mgeni," Mzee Arvidi akadakia kunitetea.

"Mgeni si ni wewe, na jana ulikuja na sufuria?" Mzee Shija akamuuliza. "Huyu atoe mbuzi. Na wewe wa kwako bado."

Kesho yake tulitoa mbuzi wawili. Nilimenya viazi uani kwa Mama Kabula toka asubuhi, hakuna aliyeniambia neno, mpaka supu ilipoiva. Hapo Mama Kabula akanipa bakuli la kwanza na kuniuliza, "Kwenu mtu akilia, mnafanyaje?" Nikasema tunatoka. Nilisema haraka mno, na wanawake wakacheka.

Siku ya saba nikapanda basi la kurudi. Ingridi alipiga nikiwa Tinde. "Niambie ukweli, Mama Halima. Kuna usalama?"

"Upo, mwanangu. Baba yako sasa akidondosha kikombe wanakuja watu sita. Mwache hapo alipo. Ila ukurasa wa saba uufute."

Morogoro, siku ya pili baada ya kufika, saa kumi jioni, nilikuwa nafua. Nikasikia mwanamke analia kuomba msaada ng'ambo ya barabara. Mtaa wetu ni wa wastaafu wenye heshima, kila nyumba ina ukuta. Nilichukua ndoo, nikatoka mbio.

Nilikuwa peke yangu barabarani. Mageti kumi na moja, yote yamefungwa. Pazia moja likafunguka kidogo, likafungwa. Kilio kilitoka nyuma ya geti la kijani lililo mkabala na langu, lenye kufuli tatu kwa ndani. Nikapiga mwano kadiri nilivyoukumbuka. Hakuna aliyeupokea. Basi nikaigeuza ndoo, nikapanda juu yake, nikatandika kanga kwenye vipande vya chupa vilivyochomekwa juu ya ukuta, na katika umri wangu wa miaka sitini na mitatu nikaruka ukuta wa watu mchana kweupe.

Mama mtu mzima alikuwa chini mlangoni mwa jiko, mguu umegeuka vibaya. Aliniona akashtuka kuliko alivyokuwa anaumwa.

"Wewe ni nani?"

"Jirani yako."

"Tangu lini?"

Nilipiga magoti, nikamshika mkono. "Miaka tisa," nikamwambia.