Nabii na Mpini wa Ufagio

Mpini wa ufagio mpya una harufu yake, ya mbao na vanishi. Mpaka leo ikinifika puani namkumbuka nabii, na roho yangu inasuuzika.

Nilikuwa na miaka kumi. Kanisa letu la Wakenya na Wakongo lilikutana katika ukumbi wa kukodi kule Saltley, ughaibuni. Jumapili moja akaja nabii mgeni, akashika fimbo kwa mikono miwili mbele ya kifua, akaita wanaume wamsukume. Walisukuma mpaka jasho likawatoka, naye kasimama tu, anatabasamu. "Ni nguvu za Roho!" Mama, aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu ya kutunza wazee, kicheko kikamponyoka. Nabii akatangaza kwamba Mama ana pepo la dharau.

Tangu siku hiyo, tulipokula pamoja baada ya ibada, chapati za Mama hazikuguswa. Nilimwona akizirudisha nyumbani, nikaapa kwamba yule nabii atanitambua.

Mungu si Athumani. Shuleni tulikuwa tukisoma enzi za Malkia Victoria, na mwalimu akatusimulia habari za mwanamke mwembamba aliyejinadi jukwaani kuwa ana nguvu zisizo za dunia hii. Wanaume walisukuma fimbo yake wasimsogeze. Siri yake ilikuwa kuiinua kidogo wakisukuma, nguvu zao zipotelee juu. Tukajaribu kwa ufagio wa darasa. Mimi niliendelea nyumbani hadi viganja vikaota malengelenge.

Nabii aliporudi, nilichukua ufagio wa ukumbi nikasimama mbele ya watu. "Come on, uncles, push!" Wakacheka, wakasukuma. Wakaacha kucheka. Nabii uso ulimsawijika, na utamu wake siwezi kuwaeleza.

Nilitaka waone uongo. Wao wakaona muujiza. "Mtoto ana upako!" akapiga kelele Mama Neema, yule wa kwanza kumkimbia Mama, akapiga magoti mbele yangu. Wengine wakafuata. Nilipofungua mdomo nieleze, Mama alinibana bega.

"Ngoja kwanza."

Nikadhani anaogopa. Akasubiri hadi bibi mmoja mwenye goti bovu alipofika sakafuni.

"Haya," akasema kwa upole, "sasa waambie ile kitu teacher aliwafunza."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye maadui zangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba Mama hakuogopa hata kidogo. Chapati za siku ile tulizila wawili, na hakuna aliyekaribishwa.