Sukuma Haimsubiri Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jikoni kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana hapa Morogoro mjini, nami nilijiona mpishi kwa kuwa nyumbani nilipika tangu utotoni. Nilikata sukuma wiki kwanza, nikaiosha baadaye. Mpishi Mkuu, mwanamke wa Matombo asiyejua kunong'ona, akaninyang'anya beseni.

"Binti, hayo maji ya kijani unayoyamwaga ndiyo mboga yenyewe. Sasa watoto watakula nini, nyuzi?"

Mchana aliniita tena, akanifundisha upya. Jani huoshwa likiwa zima, hukung'utwa, huachwa kwenye ungo likauke. Kisha unatoa uti, yaani ule mshipa mgumu wa katikati, unayakunja majani pamoja na kuyakata membamba. Wakati wa kuunga, yaani kuikaanga mboga kwa mafuta, kitunguu na nyanya, hakutaka mtu amsemeshe. Hakuongeza maji wala hakufunika sufuria.

"Funika uone inavyogeuka kaki," alisema. "Na ukumbuke, sukuma haimsubiri mtu. Mtu ndiye anayeisubiri."

Maneno hayo niliwafundisha wengine nilipohamishiwa Turiani kuwa Mpishi Msaidizi, na hata niliporudi mjini kushika cheo chake. Lakini niseme kweli, hatukuyatimiza. Mamia ya watoto hawapikiwi dakika ya mwisho. Tuliunga saa tano, wakala saa saba, na mboga ikageuka kaki.

Chakula kikibaki, Matroni alituruhusu wapishi tuondoke nacho. Kila jioni nilibeba hotpoti yangu ya maua mekundu, sukuma imo ndani, kifuniko kimebana. Mume wangu, Baba Asha, fundi cherehani, aliimaliza yote. "Mungu aubariki mkono wako, Mama Asha," alisema. Nikaamini, nikavimba kichwa.

Nilipostaafu, mikono yangu haikustaafu. Nilinunua sukuma ya Mgeta mafungu kwa mafungu kana kwamba bweni zima linahamia kwangu, nikaunga saa nne, nikajaza hotpoti, nikafunika.

Mwaka huu Baba Asha aliugua tumbo, akapasuliwa, akarudi nyumbani suruali zikimvuka. Daktari alituambia wazi: asipokula, hatapata nguvu. Kila mchana nilifungua hotpoti, naye akameza matonge mawili, akasogeza sahani. Niliogopa sana. Niliyelisha watoto wa watu, leo mtu wangu mmoja ananishinda?

Siku moja hofu ikanitoka kwa hasira. "Miaka yote unakula mboga hii hii! Leo ina nini?"

Akainama. "Mama Asha, usinichukie. Hii sijawahi kuipenda. Inanuka kifuniko."

"Na mbona ulikuwa unaimaliza?"

"Ulikuwa umetoka nayo kazini kwa miguu, umechoka. Ningekuambiaje?"

Nilikwenda jikoni nikalia, kwa aibu, na kwa kujua nilivyopendwa. Halafu nikamkumbuka Mpishi Mkuu. Nikachukua fungu moja tu, nikaliosha, nikatoa uti, nikakata membamba. Nikasonga ugali, nikamwambia Baba Asha anawe na akae. Alipokaa ndipo nikabandika karai. Kitunguu kikalainika, nyanya ikaiva, majani yakaingia. Nikageuza kwa mwiko mara chache, nikatia chumvi, nikaepua yakiwa bado ya kijani, nikakamulia limau kidogo.

Alikula. Tonge la tatu, la nne. La sita nikaacha kuhesabu, maana macho yalishajaa maji.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, jikoni kubwa mtafundishwa kulisha wengi, na ni kazi ya heshima. Ila mkifika nyumbani, vueni aproni, mpike upya kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na bado Mungu amenipa muda.

Suruali za Baba Asha zimeanza kumkaa. Hotpoti siku hizi inahifadhi vitunguu. Mchana akimaliza kuswali, mimi nipo jikoni, majani yamekatwa, mafuta yapo karibu, sigusi kitu. Mpishi Mkuu angenigombeza kwamba nimeipindua kanuni yake, kwani mimi na sukuma sote tunamsubiri mtu. Tunasubiri mpaka isikike sauti yake sebuleni:

"Mama Asha, nimeshakaa!"