Mishale Sita Aliyonichagulia Mutua

Usiniambie ni uchovu, wala usiniambie ni ukungu. Hayo yote nimeshaambiwa, tena na watu wenye digrii zao. Mimi sinywi pombe, na usiku wa kuamkia siku ile nililala vizuri tu. Jambo hili lilinipata Landani, saa tisa mchana, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na alama yake ninayo mkononi.

Nilikuwa dereva wa basi pale Stratford. Rafiki yangu wa kweli katika mji ule alikuwa mmoja tu, Mutua, Mkamba mwenzangu wa Kitui, amenizidi miaka minane. Nilipofika Uingereza nililala kwake, nikala kwake, na mkewe Kanini akanifulia nguo mpaka nilipopata chumba. Mutua ndiye aliyeniingiza kwenye klabu ya kulenga shabaha kwa upinde. Kule kuwinda kwa mishale ni marufuku, kwa hiyo sisi wajukuu wa wawindaji tulikuwa tunachoma marobota ya nyasi kwa mishale kwenye uwanja wa shule kila Jumamosi. Tulijicheka sana.

Halafu Mutua akaugua mapafu, akalazwa. Akiwa wodini alinipa upinde wake, ule wa kuwindia wa miaka ya themanini, wenye vigurudumu viwili na nyaya za chuma, kuuvuta ni kazi. Akaniambia, "Usiupigie mishale ya ovyo. Nikitoka nitakuchagulia mwenyewe."

Sasa elewa, upinde mzee kama ule hauna mchezo. Unasukuma kwa kishindo, unataka mshale mzito na mgumu. Fundi wa duka la pinde alinipima mikono, akaniambia nichukue ya alumini, minene, niachane na ile myepesi ya kaboni. Tena kaboni ikiwa na ufa mdogo tu inakupasukia mkononi, ndiyo maana kila mshale wa kaboni unaukunja kidogo sikioni, usikie kama unalia ufa, kabla hujaupiga. Nikanunua sita ya alumini.

Jumamosi ile niliwahi uwanjani. Simu sikuwa nimeiwasha tangu nilipolala, na uwanjani sheria ya klabu ni izimwe. Katibu wetu, bibi mmoja wa Kiingereza, alikuwa akipanga marobota upande wa pili. Ninafungua begi, nasikia Kikamba mgongoni mwangu. Mutua. Koti lake la kijivu, amekonda, lakini amesimama vizuri.

"Wameniruhusu leo asubuhi," akasema.

Nikaenda kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja. Akasema bado ana kikohozi. Niamini, sikushuku chochote. Wewe ungeshuku?

Aliitazama mishale yangu kama mtu aliyewekewa chakula kilicholala. Akatoa mingine sita ndani ya koti, ya kaboni, myeusi tii. Akaweka mmoja kifuani pangu, nikanyoosha mikono juu yake, jinsi alivyozoea kunipima.

"Huu ndio saizi yako. Piga nikuone."

Moyo uliniambia niukunje kwanza. Lakini kwa babu yangu, mshale uliochaguliwa na mkubwa wako haukaguliwi mbele yake. Kuukunja machoni pake ni kumwambia kwamba anataka kukuua. Nililelewa hivyo. Basi nikavuta, nikaachia.

Kilichokuja kwanza ni mlio, maumivu yalifuata. Mshale ulikuwa umesambaratika, na kipande kimeingia chini ya kidole gumba cha kushoto kikatokea upande wa pili. Nikageuka kumwita Mutua. Hakukuwa na mtu. Katibu alikuja mbio, akanifunga kwa skafu yake, akaniuliza nilikuwa ninaongea na nani muda wote ule. Mitano iliyobaki ilikuwa imelala nyasini. Akaiokota, akaikunja mmoja mmoja sikioni. Yote mitano ilikuwa na ufa.

Ndani ya ambulensi nikawasha simu. Kanini alikuwa amepiga mara tatu, akaacha ujumbe. Mutua amefariki alfajiri.

Jini ningemsamehe, jini hanijui. Huyu alinijua. Alijua hata kwamba sitaukunja ule mshale, kwa sababu na yeye alilelewa kama mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Na mkono wenyewe umeharibika, vidole viwili havifungi hadi leo, wakaniondoa kwenye usukani, nikaishia kuosha mabasi niliyokuwa naendesha.

Niliificha habari hii miezi mingi. Siku moja jikoni kwa Kanini nikamweleza yote, nikidhani atalia. Alipunguza moto wa jiko.

"Alianzia kwangu, shemeji," akasema. "Alfajiri ile, kabla wodini hawajanipigia, alikuja akakaa kitandani, akanishika mguu. Akasema anaogopa kwenda peke yake. Nikamwambia nina watoto wadogo."

"Akasemaje?"

"Akauliza, sasa aende na nani." Alikuwa anakoroga mchuzi, hanitazami. "Nikataja jina lako."

Kumbe Kanini alijua tangu alfajiri. Kwenye ule ujumbe wa simu alisema yote, wodi gani, saa ngapi, nani ameshaarifiwa, isipokuwa hilo moja. Nilichukua koti langu nikatoka, na mpaka leo sijarudi. Wanawe wakikutana nami njiani hunisalimia kwa Kiingereza, wananiita anko, nami naitika, maana wao hawana kosa.

Wewe unayenisikiliza, ukiletewa kitu na mtu unayempenda, kikague mbele ya macho yake, akinuna na anune. Na siku utakayosikia amefariki mtu aliyekupenda sana, usikae peke yako. Hujui nani ameulizwa, na hujui amemtaja nani.