Maksai Wanne, Mashamba Matatu, Siku Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu haujauachia mlima Kwaraa, na Kandida Amsi amepiga goti katika shamba la mtu mwingine huko Sigino. Ameshika mguu wa mbele wa maksai mwekundu, anatazama tope limefika wapi.

"Limeishia kwenye ukwato. Halijafika kwenye manyoya," anasema, kisha anauachia mguu na kujifuta mkono kwenye khanga. "Twende."

Mbele, Sendeu, mwenye maksai hao, anapiga mluzi. Nira inalia, mnyororo unakaza, na Kandida anashika mikono ya plau. Anayetaka kuzungumza naye inabidi atembee kando ya mstari wake, maana mama huyu hasimami. Kwa siku mbili alizokaa naye, mwandishi hakumwona ameketi hata mara moja; labda huketi kanisani tu.

Ana sababu ya kuhangaika. Leo ni siku ya kumi na mbili, na ni ya mwisho. Kesho asubuhi Sendeu anarudi Simanjiro na maksai wake wanne. Kandida ana ekari mbili kule Nakwa, karibu na ziwa. Moja imelimwa, nyingine bado ina magugu ya mwaka jana. Na yeye yuko hapa Sigino anamalizia shamba la mzee Egidius.

"Usiniulize kama inaniuma," anasema bila kugeuza kichwa. "Inaniuma."

Kandida ana miaka arobaini na mitatu na watoto wanne. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Fabiola, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Herieli, ni dereva wa lori, lakini neno dereva siku hizi ni la heshima tu. Lori lake liko juu ya mawe Singida tangu Oktoba, linasubiri matairi ambayo hakuna ajuaye yatatoka wapi. Analilinda. Akiliacha, hatakuta hata usukani.

Kwa hiyo nyumba ni ya Kandida. Mwaka jana mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ekari mbili zikampa gunia moja na nusu, nyumba ya watu watano. Kuanzia Agosti wamekula unga wa njano wa msaada, ule uliobatizwa Yanga, na kuupata ni kusimama foleni saa tano. Sabuni wanakata mche vipande sita, wanagawana na majirani. Mwaka huu akivuna vibaya tena, Fabiola ataacha shule. Hilo limeshasemwa nyumbani.

Trekta la kukodi lililokuwa likilima Nakwa halina dizeli. Majembe ya mkono yenyewe hayaonekani dukani. Kilichobaki ni ng'ombe.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Kandida hakuisomea popote, kazi ya kuwakutanisha watu wasiotaka kitu kimoja na kuwafanya wavute pamoja.

Yeye ana plau ya baba yake, ambayo chuma chake kimeliwa na udongo mpaka fundi akakiunga kwa kipande cha springi ya gari. Egidius wa Sigino ana nira na minyororo, na ndiye anayejua kufundisha maksai kuvuta. Zena, mjane wa Maisaka, ana banda na mbegu alizozificha vizuri kuliko watu wengine walivyoficha sukari. Maksai hawana. Wao wote waliuza wakati wa njaa.

Maksai anao Sendeu. Aliwaleta ng'ombe wake Babati mwezi wa Septemba, kule kwao maji yalipokwisha, na Kandida akamfuata kisimani.

"Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, halafu akaniomba ng'ombe," anasimulia Sendeu, akicheka kwa sauti ya chini. "Nilifikiri mama huyu amechanganyikiwa. Ng'ombe wangu hawajawahi kuvaa mti shingoni."

Walizungumza siku tatu. Mwisho wakaelewana. Egidius angewafundisha maksai wanne. Wakishakuwa wamejua kazi, wangelima mashamba matatu. Baada ya mavuno, ng'ombe wote wa Sendeu wangeingia kula mabua katika mashamba hayo, na kila nyumba ingempa gunia moja la mahindi.

Kikwazo kilikuwa kimoja, na mtu wa mjini angeweza asikione. Mvua inayomwambia mkulima alime ndiyo hiyo hiyo inayomwambia mfugaji arudi kwao. Nyasi zikiota Simanjiro, Sendeu hana biashara tena na Babati. Kila siku anayokaa huku, ng'ombe wake wanapishana na majani mazuri.

"Nilimwambia Mama Fabiola, mvua ikinyesha, nakupa siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu usinitafute," anasema Sendeu.

Siku kumi na mbili, nyumba tatu. Hesabu ya darasa la pili. Kandida aliandika nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa kuwa daftari halipatikani: siku nne kwa kila nyumba, na zamu ipangwe kwa kura. Wakapiga kura kwa punje za maharage ndani ya kofia ya Egidius. Egidius akawa wa kwanza, Zena wa pili, Kandida wa tatu. Karatasi ikasomwa kwa sauti mara mbili ili Sendeu, ambaye hakupita shule, ashike kila neno. Wakapeana mikono.

"Nililala vizuri usiku ule," anasema Kandida. "Mjinga hulala vizuri."

Anajiita mjinga, na mwandishi hakubishana naye, kwa sababu kosa lilikuwa la ajabu kwa mtu aliyezaliwa na udongo miguuni. Walihesabu siku. Hawakuhesabu udongo.

Sigino kwa Egidius ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, unashika mguu wa ng'ombe hadi kuumeza. Unataka siku sita au saba ndipo ulimike. Nakwa kwa Kandida ni kichanga. Kinalimika kesho yake mvua ikinyesha, na baada ya wiki moja ya jua kinakuwa kama sakafu. Kwa Zena, Maisaka, udongo mwekundu uko katikati. Kwa maneno mengine, kura ilipanga zamu kinyume kabisa na ardhi.

Mvua ikaja, kubwa. Maksai wakapelekwa Sigino kama karatasi ilivyosema.

Siku mbili walilima nusu ekari. Mmoja wao alizama mpaka tumboni, akatolewa kwa kamba, akatoka anachechemea. Jioni ya siku ya pili Sendeu alifungua nira mwenyewe, bila kumsemesha mtu. Kisha akamwambia Kandida, "Kesho naondoka na ng'ombe wangu. Nilitoa walime, sikutoa wafe."

Egidius naye hakutaka kusikia la mtu. "Nina siku mbili zangu bado," alisema. "Kura ni kura. Nikizama, nazama ndani ya zamu yangu."

Asubuhi ya siku ya tatu Kandida alianza kutembea. Sigino, Maisaka, kwa Sendeu kando ya ziwa, halafu Maisaka tena. Ndala zikakatika, akaendelea pekupeku. Alichotaka kusema kilikuwa rahisi, tufuate udongo, tuache kura. Lakini kila alipofungua mdomo alijikuta katika shimo, kwa sababu mtu wa kwanza kunufaika na maneno hayo alikuwa yeye mwenyewe. Shamba lililokuwa tayari asubuhi ile lilikuwa lake.

Zena hakumficha. Anasimulia mwenyewe, akiwa amejishika kiuno: "Nilimwambia, Mama Fabiola, tumesimama kwenye foleni za sukari wote. Tunawajua watu wanaoweka jiwe mwisho wa foleni, halafu mlango ukifunguliwa unaliona jiwe lao liko mbele. Wewe ulikuwa wa tatu. Leo unataka kupanga upya?"

Kandida anakiri kwamba aliumia. Alikasirika, akaondoka bila kuaga, akafika karibu na soko, akarudi.

"Alikuwa na haki ya kuuliza," anasema. "Mimi pia ningemuuliza."

Saa nane mchana aliwakutanisha wote watatu kwa Zena, na Sendeu akiwa ameshafunga mizigo. Akaweka mambo matatu. La kwanza, tuhesabu ekari, tusihesabu siku. Kila mtu analenga kulimiwa ekari zake mbili. La pili, kila asubuhi mwenye kuamua maksai waende wapi ni Sendeu, kwa sababu ndiye pekee asiye na shamba. Ataingiza maksai mmoja shambani na kutazama mguu. Tope likifika kwenye manyoya, hapalimwi leo. Plau ikiparaza juu bila kuzama, hapo pamechelewa. Maksai waende kwanza panapokaribia kufika hapo.

"Hapo nilielewa," anasema Sendeu. "Ng'ombe hawezi kumpendelea mtu."

La tatu lilikuwa gumu. Siku mbili zilishapotea. Yeyote aliyejua kuhesabu aliona kwamba ekari sita hazitaisha. Egidius akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa analiogopa, upungufu utakuwa wa nani?

Kandida akajibu kwamba utakuwa wake.

Mwandishi alimuuliza kama hiyo ni haki. Alisimamisha maksai, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akamtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi.

"Sikusema ni haki. Nilikuwa na saa moja kabla Baba Silau hajaondoka," anasema, akimtaja Sendeu kwa jina la mwanawe. "Wangeniamini kwa lipi lingine? Kama ningesema tugawane, wangesema ninajitetea. Nilipowapa ekari yangu, wakanyamaza, na kazi ikaanza."

Ikaanza kweli. Siku ya nne maksai walikuwa Nakwa. Siku ya sita Maisaka. Siku ya nane mvua ilirudi, ikaangukia Maisaka peke yake, hapakulimwa kitu. Siku ya tisa na ya kumi, Maisaka tena. Udongo mweusi wa Sigino ulipokubali, walikuwa wamebaki na siku chache za Egidius peke yake, na ekari ya pili ya Nakwa ilikuwa imeshakuwa sakafu. Ekari tano zimelimwa. Iliyobaki ni moja, na inajulikana ni ya nani.

Saa kumi jioni mstari wa mwisho wa Egidius unakwisha. Sendeu anafungua nira taratibu mno, anakunja kila kamba mara mbili. Ni dhahiri kwamba anasubiri kuombwa.

"Mama Fabiola," anasema mwisho, "huna neno?"

Egidius anatazama miguu yake. Zena, aliyeleta uji, anasogea karibu. Wote wanajua neno lenyewe: siku mbili zaidi. Sendeu angekubali, uso wake unasema hivyo.

"Ninalo," anasema Kandida. "Ila si la siku. Tulisema kumi na mbili, zimekwisha. Nikikuomba mbili leo, mwakani utanipa kumi, mbili utazificha kwa ajili ya kuombwa. Ninaomba usimame kidogo tu, uwe shahidi."

Anawageukia wenzake wawili.

"Nina hasira. Nimezibeba siku kumi. Nimelima kwenu huku shamba langu likikauka, na hakuna hata mmoja aliyesema, Mama Fabiola, pole. Siwadai mwaka huu, nilitoa mwenyewe. Nataka mwaka kesho. Semeni hapa, mbele ya mwenye ng'ombe, kwamba upungufu ukitokea tunaukata sehemu tatu."

Zena anasema mara moja, "Tatu. Nimesikia." Halafu, kwa sauti ndogo, "Na pole, mama. Nilichelewa."

Egidius anavua kofia, anaivaa. Anauliza, "Na mimi mwakani nikiwa na bahati, nimalize mapema, bado nitakatwa?"

"Bado utakatwa, mzee."

"Hata kama ni siku zangu za kura?"

"Hakuna kura tena, Baba Severine. Kuna udongo."

Sendeu anaanza kuwaelekeza maksai njiani. Ndipo Egidius anaposema, kama mtu anayetoa jino, "Sehemu tatu."

Sendeu anarudia maneno hayo mara mbili kwa Kimaasai, kwa ajili yake mwenyewe, ili asiyapoteze njiani. Anawaaga wote. Anasema atakuja mabua yakikauka.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri Kandida yuko Nakwa na jembe la mkono. Ardhi inagonga. Amepima kwa hatua, anasema akijitahidi kila siku bila kuugua, atamaliza robo ekari kabla mbegu haijachelewa, na hapo atapanda maharage. Robo tatu zilizobaki atazitazama tu. Herieli ameandika barua kwamba bado hakuna matairi. Magunia atakayovuna yatatosha mpaka mwezi gani, hajui. Fabiola anaendelea na shule mpaka Juni, baada ya hapo wataona.

Mwandishi anamwambia kwamba watu wa mjini wakisoma habari zake watamhurumia sana.

Kandida anatema mate mikononi, anashika mpini.

"Waambie wasijisumbue," anasema. "Huruma nimeshaiona, haina hata ekari. Mwakani nataka upungufu ukatwe sehemu tatu."