Kufuli la Meno Tisa

Jumatatu hiyo asubuhi Komeo aliingia kwenye uwanja wa kuku akiwa na jembe, beleshi na hasira za wiki nzima. Matope yalimfika vifundoni. Kila alipoinua mguu, buti lilibaki chini na mguu ukaja peke yake, akawa anasimama kwa mguu mmoja huku akililaani buti, akiilaani mvua, akiwalaani kuku, na hasa akimlaani yule mtu wa kwanza aliyeona ni jambo la busara kufuga mbwa.

Jina la Komeo alilipata kwa kazi yake. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibanda karibu na posta, akichonga funguo na kuwafungulia milango watu waliojifungia nje. Hakuna kitasa kilichowahi kumshinda, na hilo angekuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Sasa alikuwa anatolewa jasho na uwanja wa hatua kumi kwa sita, nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Kuku walikuwa wa mkewe. Mama huyo alifua mashuka ya hospitali mpaka magoti yakagoma, akastaafu kabla ya wakati wake. Miezi ya kwanza alikuwa analala hadi saa nne akitazama dari, na ukimuuliza anaumwa nini anajibu haumwi kitu. Ndipo dada yake alipomletea mitetea watatu na jogoo. Mama akaanza kuamka. Akaamka saa moja, baadaye saa kumi na mbili, akawa anatoka na kanga yake na bakuli la pumba, anawasemesha. Mtetea mmoja alimpa jina la Karani kwa sababu haruhusu mwenzake kula kabla hajakagua chombo. Komeo alizoea kusikia mkewe akicheka peke yake huko nyuma, na ingawa hakusema, kicheko hicho kilimfanya aende kazini moyo mweupe.

Mbwa waliletwa na binti yao. Alipata kazi mji mwingine, akawaacha "kwa wiki mbili tu, baba." Wiki mbili hizo zilikuwa zimetimiza mwaka mmoja na miezi miwili. Mkubwa aliitwa Meneja, maana hana kazi anayofanya ila kuzunguka akitazama za wenzake. Mdogo alikuwa Shoti, miguu mifupi, tumbo nusura liburuze chini. Kwa watu walikuwa wapole ajabu. Lakini wakimwona kuku anakimbia, akili zote zinawaruka.

Wakati huo kuku walikuwa wameshazaana wakawa wengi. Mara ya kwanza mbwa waliua mitetea wawili. Mara ya pili geti la nyuma lilibaki wazi, wakaua wengine watatu. Mama alikuwa jikoni, akasikia, akakimbia na magoti yake hayo, akakuta manyoya tu. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akalia kilio ambacho Komeo hakuwa amekisikia tangu msiba wa mama mkwe.

"Baba," alimwambia, "wakifa tena humu kwa uzembe, mimi basi. Watarudi kwa dada, na mimi nitarudi kitandani kwangu."

Komeo aliogopa. Alijua mkewe hatishii, anasema tu lililopo. Akajipiga kifua: "Kuku hawa nitawalinda mimi."

Na kweli alijitahidi, jamani, tusimnyime haki yake. Alinunua waya, akasimamisha nguzo, akajenga mlango wa mbao uliotosha kuwa wa duka. Mtu mwingine angeweka ndoano na msumari uliopinda, kwa sababu mbwa hana mikono. Lakini Komeo alikaa kibandani wiki mbili akitengeneza kufuli la shaba lenye ufunguo wa meno tisa. Alipolifunga siku ya kwanza lilitoa mlio mdogo mtamu, akalifungua na kulifunga tena mara nne. Ufunguo ulikuwa mmoja. Akauning'iniza mkandani mwake pamoja na zile nyingine.

"Na wangu?" mkewe aliuliza.

"Nitakuchongea."

Kwa siku anachonga funguo za watu thelathini, arobaini. Wa mkewe kila siku ulikuwa wa kesho. Akawa yeye ndiye anayefungua asubuhi, anaokota mayai, anafunga, anaondoka. Mama akitaka kuwaona kuku wake mchana anasimama nje ya waya, anawasemesha kama aliyekuja kumtembelea mfungwa. Aliomba ufunguo mara ya pili, ya tatu, ya sita. Komeo alisingizia kazi. Ukweli alikuwa nao rohoni na hakuutoa: ile siku ya mitetea watatu, aliyeacha geti wazi alikuwa mama.

Basi mbwa wakazibwa njia, ikaja mvua. Maji yote ya paa la nyuma yalimwagika uwanjani, kuku wakakanyaga, wakachafua, ikawa rojo lenye harufu ya kumtoa mtu machozi. Komeo akaona dawa ni kukomba. Kila Jumatatu alitoa matoroli matatu ya tope akayamwaga nyuma ya choo. Jumatatu inayofuata tope limerudi, tena zaidi. Akafura. Akakomba kwa nguvu zaidi.

Jirani yao alikuwa mwashi, mtu wa maneno mengi aliyeitwa Timazi. Jumatatu hiyo alichungulia juu ya ukuta akiwa na kikombe cha chai.

"Jirani, unachimba kisima?"

"Nasafisha."

"Kusafisha gani? Kila ukitoa tope unashusha chini. Angalia, nje ya waya kuko juu kuliko ndani. Umejitengenezea beseni. Huo uwanja hautaki kutolewa kitu, unataka kuongezewa. Kinga maji ya paa yaende kule, mwaga kokoto, juu mwaga mchanga. Na waya wako chini hauna kitu, unaning'inia. Weka mawe kabla huyo mfupi hajaona."

"Timazi, wewe jenga kuta. Mambo ya kuzuia waingiao niachie mimi."

"Haya, bwana kufuli," alisema Timazi, akanywa chai yake.

Huyo mfupi alikuwa ameshaona. Jumanne jioni Komeo alimkuta Shoti amechimba chini ya waya, kichwa kiko ndani, makalio yako nje, mkia unacheza. Alimvuta miguu ya nyuma, akaziba shimo kwa matofali sita, akawafunga mbwa wote wawili kamba kwenye nguzo ya kibaraza. Usiku alimwambia mkewe kwamba mbwa hawa wanamtafuta ubaya. Hakumwambia kwamba Timazi alikuwa amesema.

Alhamisi, Karani akatotoa. Vifaranga tisa. Alikuwa ameatamia ndani ya boksi la mbao pale pembeni, kando ya waya, chini kabisa, mahali Komeo alipokomba kuliko pengine pote. Mama alipiga magoti nje ya waya, akawahesabu, akahesabu tena.

"Baba, leo nipe huo ufunguo. Hawa wanataka kuangaliwa kila mara. Na hilo boksi lazima litoke hapo."

"Jioni nitakuletea wako. Leo kweli."

"Niachie huo, jioni uchonge mwingine."

"Sasa nitachonga kwa kufuatisha nini, mama, kama huu nimekuachia?" Akacheka, akajiona amesema neno la maana, akapanda baiskeli.

Mvua ilianza saa sita na nusu bila kupiga hodi. Komeo alikuwa upande wa pili wa mji, amechuchumaa mbele ya mlango wa mwalimu mmoja aliyeacha funguo ndani na maharage jikoni. Simu ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Mara ya tatu akaishika kwa bega.

"Uko wapi?" Mkewe alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake mvua inapiga bati. "Maji yamejaa ndani! Yamefika kwenye boksi!"

"Fungua uwatoe..." Mkono wake ukaenda mkandani wenyewe.

"Nifungue na nini?"

"Kata waya! Kuna koleo..." Koleo lilikuwa mbele ya magoti yake, kwenye mkoba, pamoja na bisibisi zote na misumeno yote aliyokuwa nayo duniani. "Muite Timazi!"

"Timazi yuko kazini kwake, kama wewe!" Simu ikakatika.

Komeo alimwacha mwalimu na maharage yake. Alinyonga baiskeli kwenye barabara iliyogeuka mto, mnyororo ukaruka, akaurudisha, ukaruka tena, akaitupa baiskeli kando ya ukuta wa watu na kukimbia. Umri wake haukuwa wa kukimbia. Njia nzima funguo zilimgonga paja, na kila zikimgonga aliona aibu inampanda mpaka shingoni.

Alipofika, mvua ilikuwa imepungua. Mlango wake umesimama imara, kufuli linang'aa. Alilifungua, likafunguka mara moja kwa ule mlio wake mtamu. Ndani, kuku wakubwa walikuwa wamepanda kwenye fito, wamenywea. Boksi lilikuwa limelala ubavu kwenye maji ya kahawia, tupu.

Mara akamwona Shoti. Mbwa alikuwa amesimama nje ya waya upande wa pili, kule kunakoteremka, kamba inaburuza, ana matope hadi masikioni, na mbele yake kuna shimo kubwa ambalo maji ya uwanjani yalikuwa yanatokea kwa kasi. Matofali sita yametupwa huko.

"Nilijua!" Komeo alinguruma. Akaokota beleshi. "Leo huyu mbwa ama zake ama zangu!"

"Muache."

Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, kanga imegandamana na mwili, magoti yote mawili yamechubuka. Mapajani alikuwa na beseni, na ndani ya beseni Karani, amelowa chepechepe, kifua wazi juu ya kitu kinacholia kwa sauti nyembamba.

"Muache mbwa," alirudia. "Yeye ndiye aliyenifungulia."

Akamweleza, bila kumtazama. Alikuwa amejaribu kuruka waya, goti likakataa. Akajaribu kufukua kwa mikono, udongo ukamrudia. Basi akaondoa matofali, akamfungua Shoti, akamshika kamba karibu na shingo na kumwambia haya, si ndicho unachotaka siku zote, chimba. Akachimba. Maji yakaanza kutoka. Shimo lilipotosha alimvuta mbwa pembeni akaingiza mkono mpaka begani, akamtoa Karani, akawatoa vifaranga mmoja mmoja kadiri alivyowapapasa kwenye maji.

"Wangapi?" aliuliza Komeo.

"Sita."

Watatu walikuwa kwenye ngazi, juu ya kitambaa cha vyombo, wamepangwa vizuri. Komeo aliwaangalia. Walikuwa wadogo kuliko hata kufuli. Alitaka kusema juu ya mvua, kwamba hakuna aliyeitegemea mvua ya namna ile, na neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Kosa langu, mama," alisema badala yake.

"Najua ni lako." Mama alikuwa anamfuta Karani bawa moja baada ya jingine, taratibu, kama alivyozoea kukunja mashuka. "Nataka kujua kitu kingine. Siku zote hizo niliposema nipe ufunguo, ulifikiri nitaufanyia nini?"

Komeo aliweka beleshi chini.

"Ulifikiri nitaacha wazi. Kama ile siku."

Angeweza kukana. Miaka thelathini na moja ya ndoa, angekana na ameshakana makubwa kuliko hayo. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mwanamke aliyelowa, na funguo sabini mkandani, akashindwa.

"Ndiyo," alisema.

Mama akatikisa kichwa kidogo. Hakulia. Komeo angependelea alie, kwa maana kilio angejua pa kukishikia. Alisogea akakaa ngazi ya chini yake, kwenye maji, akasubiri kuambiwa kwamba dada mtu ameshapigiwa simu, kuku wanaondoka, na kesho saa nne mtu atakuwa amelala anatazama dari. Kutoka ndani ya beseni kifaranga mmoja alitoa kichwa chini ya bawa, akapiga kelele, akarudi.

"Ile siku niliacha wazi," mkewe alisema. "Ni kweli. Sijawahi kujisamehe, na wewe umenikumbusha kila asubuhi kwa kufuli, bila kusema." Akavuta pumzi. "Kesho ling'oe. Weka kitasa cha mkono tu, ninachoweza kufungua nikiwa na bakuli."

Komeo aligeuka. "Kesho? Kwa hiyo hawaendi?"

"Waende wapi? Nimeingia kwenye matope mpaka begani kwa ajili yao, halafu nimpe mtu?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na hasira yake ilikuwa nzima, ya mtu aliye macho. "Wewe ndiye unayetoka humo. Banda ni langu kuanzia leo. Maji ya paa yatapita ninakotaka mimi. Mbwa nitawafundisha mimi, kwa kamba, kila siku, mpaka wamzoee kuku. Na Timazi nilishaongea naye asubuhi ile ile ulipompuuza, alinieleza yote juu ya ukuta, na mimi nilikuwa nasubiri tu mlango ufunguliwe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Utabeba kokoto."

"Ndoo ngapi?"

"Utabeba," mkewe alisema, na akamkabidhi kitambaa chenye wale vifaranga watatu, akawazike.