Ng'ombe wa Kinywani mwa Lugano

Jina la baba mkwe wangu msiniulize, maana sitalitaja. Mkilitaka sana, mwulizeni mtu yeyote hapa Bujonde, atawapa na la baba yake juu. Kwetu sisi mke wa mtoto, tunamwita nkamwana, halitaji jina la mkwewe wa kiume, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha. Mchungaji alishatutangazia kanisani kwamba kumwamkia mkwe si dhambi. Lakini mimi nilifundwa na marehemu mama mkwe, mwanamke aliyejua kufinya, na mzee mwenyewe hajawahi kutuma neno kwamba niache. Basi nimeendelea hivyo hivyo, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Mtasema, huyu naye anatuhadithia habari za mtu asiyemjua? Nyie! Namjua kuliko hao wanaomtazama. Nazijua nyayo zake, wa kushoto una kidole kilichokatwa na jembe. Nakijua kikohozi chake cha kifua na kikohozi chake cha kushindwa hoja. Alfajiri ndiye wa kwanza kuamka, anaanika kokoa kwenye mkeka, anaigeuza kwa kiganja huku anaiongelesha. Zamani alikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Siku hizi hana hata mmoja, lakini msikilize akikaa na wenzake, utadhani jana tu ametoka machungani. Ni mbishi, ana madaha, na kofia yake haivui ila kanisani. Nampenda yule mzee, acha niseme wazi, na sababu ni mwanangu Lugano.

Lugano ana miaka tisa na ana usonji. Haongei. Kelele zinamwumiza, taa kali inamwumiza, na nje ya ua wetu hatoki mpaka ashike pindo la kitenge changu. Usoni ndiyo usimguse kabisa. Alipokuwa na miaka minne alianguka akachanika paji la uso, watu wazima wanne hospitalini wakamlalia kitandani ili ashonwe nyuzi tatu. Alishonwa, sikatai. Lakini baada ya hapo mwaka mzima sikuweza hata kumnawisha uso, sembuse kumpiga mswaki, na meno yakaanza kuoza mimi natazama. Nililia mpaka nikachoka.

Aliyemrudisha ni babu yake. Alivyofanya sikuona, maana nilikuwa jikoni na ukuta wa tofali ulikuwa katikati yetu. Nilisikia tu. Asubuhi moja mzee anasema, "Haya, bwana mkubwa, tufungue zizi. Nani anatoka kwanza? Mkaidi! Toka, Mkaidi, toka. Shaa, shaa, shaa, nenda mtoni ukaoge. Anayefuata Mama Mapacha." Nikaacha mwiko kwenye chungu. Alikuwa anampiga mswaki! Kila jino alilifanya ng'ombe, akimsugua mmoja mmoja na kumpeleka mtoni, na majina yalikuwa ya ng'ombe wake mwenyewe wa ujanani. Saba walikuwa na majina, waliobaki aliwaita kundi. Mmoja aliitwa Karani kwa sababu eti hakupenda jua. Na mtoto wangu, yule asiyetaka kuguswa, alikuwa anacheka.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila asubuhi, miaka minne, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, maana Lugano ukimrukia ng'ombe mmoja anafunga mdomo na siku imeharibika. Mimi jikoni nikawa nawajua wale ng'ombe wote kwa majina.

Mwaka huu, tulipomaliza kuvuna mpunga, shavu la kulia la Lugano likaumuka kama andazi. Hali, halali, anagonga kichwa ukutani. Mume wangu Gidion alikuwa amevuka mpaka, yuko Karonga na mzigo wa mchele. Kwenye simu akaniambia nisubiri arudi, wiki mbili tu. Wiki mbili! Nikamwambia hilo jino lingekuwa la kwake angesubiri? Nikajifunga kitenge, nikamshikisha Lugano pindo, nikapanda naye bajaji mpaka mjini kwa daktari wa meno.

Daktari Prisca ni binti wa Kikisi, wa kule Lyulilo, kwao wanafinyanga vyungu. Ana mikono mizito na sauti ndogo. Alizima taa kubwa, akafunga mlango, akamwacha Lugano akizunguke kiti mpaka atakapochoka. Akaniuliza kama kuna namna yoyote ya kumfanya afungue mdomo. Nikasema ipo, tena naijua vizuri sana. Kiburi hicho.

Lugano akakaa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaigiza sauti ya babu yake: "Tufungue zizi. Nani anatoka kwanza? Mkaidi!" Akafungua mdomo, jamani, akafungua! Nami nikaweka kidole kwenye jino la mbele. Kwa akili yangu mkaidi si ndiye anayetangulia wenzake? Loo! Aliniuma kidole mpaka damu, akapiga teke sinia la vyuma, akaingia chini ya meza ameziba masikio. Kumbe Mkaidi anakaa kwingine kabisa. Miaka minne nimesikia majina, mkono unaanzia wapi sijawahi kuona hata siku moja.

Nikakaa sakafuni nalia kama mtoto. Daktari Prisca akanifunga kidole huku ananiuliza, "Mama Lugano, nyumbani nani anampiga mswaki?"

"Babu yake, baba wa mume wangu."

"Basi mlete."

"Daktari, mtoto hatoki nyumbani bila mimi. Na mimi na mzee hatukai chumba kimoja."

Akanielewa, maana amekulia na sisi hawa hawa. Aliuma mdomo asicheke. Akatupa dawa ya wiki nzima ya kukausha usaha, ya maji, nikamchanganyie kwenye uji. Akasema, "Alhamisi ijayo mje wote watatu, mtajua wenyewe mtakavyokaa. Kumshika kwa nguvu mimi simshiki. Ikishindikana nitawaandikia barua ya Mbeya, akang'olewe kwa nusu kaputi."

Mbeya sikuiogopa kwa ajili ya safari. Niliwaogopa watu wasiomjua, siku ile ya kumwekea kitu puani asinzie, wakimlalia tena kama mwanzo. Ningempata mtoto asiye na jino bovu, halafu hata mswaki wa babu asiutake tena maisha yake yote. Furaha yake ya asubuhi ndiyo ingekuwa imeng'olewa.

Sasa mzee nitamwambiaje? Kwetu mwanamke akiwa na neno na mkwewe analisema kwa kitu kingine. Nikatoka uani na mtama, nikawaita kuku, nikawahutubia kwa sauti: "Nyie kuku, mnajua jino la Lugano litang'olewa Alhamisi? Mnajua daktari anamtaka babu yake? Na mimi pia lazima niwepo, nitafanyaje, nyie kuku?"

Upande wa pili wa nyumba kikaja kikohozi, kile cha kushindwa hoja. Kisha nikasikia, "Lugano, waambie hao kuku kwamba Alhamisi natoka na baiskeli alfajiri. Nitakuta kwa daktari kumefunguliwa."

Alhamisi tulifika, mimi na mtoto kwa bajaji, baiskeli yake tayari imeegemezwa ukutani. Daktari alikuwa ametundika shuka la kijani kwa kamba katikati ya chumba. Upande wa kiti walikuwa yeye, mzee na Lugano. Upande wa mlango nilikuwa mimi, juu ya kibao, nimejifunika kichwa, nimewapa mgongo. Pindo la kitenge changu lilipita chini ya shuka mpaka mkononi mwa Lugano. Mhudumu aliyepita mlangoni alituona, akaguna, akaenda zake.

"Ugonile, bwana mkubwa," mzee akamwamkia mjukuu wake kama kila asubuhi. "Leo zizi letu lina mgeni. Huyu dada ni bwana mifugo. Tufungue?"

Nikasikia shaa, shaa, shaa. Mkaidi akatoka, Mama Mapacha akatoka. Daktari hakuwa na haraka. Kila ng'ombe akioga, na yeye anamgusa kwa kioo chake kidogo na kusema, "Mzima." Wakamfikia Karani. Mzee akasema, "Ah, huyu Karani anaumwa, maskini. Bwana mifugo, una dawa?" Daktari akapaka dawa ya kutia ganzi juu ya ufizi, wakasubiri, mzee akipiga hadithi za Karani alivyokuwa anakaa kivulini wenzake wakila majani.

Ikaja sindano. Niliijua kwa jinsi pindo lilivyokazana. Lugano akatoa sauti moja nyembamba, na kitenge kikavutwa. Kikavutwa tena, kwa nguvu zake zote, mpaka kikaniteleza kichwani. Mwanangu haongei, lakini aliniita.

Nifanyeje? Nikapiga moyo konde, nikapita chini ya shuka kwa magoti. Nikamshika mikono yote miwili, nikaweka shavu langu kwenye goti lake, nikamwambia mama yupo, mama yupo. Pindo likalegea. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amemwinamia, anamwonyesha namna ya kuacha mdomo wazi. "Aaa, hivi, bwana mkubwa, tazama babu. Aaaa." Nami nikainua macho kumtazama mwanangu.

Nikamwona. Uso mzima, kofia haipo, mdomo umefunguka mpaka koo. Hakuwa na jino. Hata moja! Fizi tupu juu na chini, na mkononi ameshika mswaki wake mwenyewe, akijisugua fizi zile shaa, shaa, shaa, ili mtoto asijione peke yake.

Nikainamisha macho haraka, lakini nilikuwa nimeshaona. Miaka kumi na miwili nimempikia yule mtu. Mahindi ya kuchoma nimempelekea! Nyama ngumu ya ng'ombe, samaki wakavu, karanga za kukaanga, na kila mara sahani ilirudi imesafishwa na salamu kwamba nkamwana anajua kupika. Nilishikwa na aibu hata nikasahau kuogopa.

"Karani ametoka," daktari akasema. Kweli, lilikuwa kwenye koleo lake, jino dogo jeusi ubavuni. Lugano alilitazama, akatazama pamba yenye damu, akanitazama mimi. Hakulia. Akamshika babu yake kidole gumba, akakipeleka kwenye shavu lake mwenyewe, lile bovu, akakiacha hapo. Daktari Prisca alijifanya anapanga vyombo vyake, akipangusa macho kwa kiwiko.

Nami nikarudi chini ya shuka vile vile kwa magoti, nikajifunika, nikasubiri. Kwetu mwanamke akivunja heshima ya namna ile hapiti hivi hivi. Huenda faini ya kuku, huenda kikao cha ndugu, huenda Gidion aitwe aulizwe mkewe kafundwa na nani. Upande wa pili mzee alikohoa, na safari hii kikohozi chenyewe sikukijua.

"Daktari," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "kama kuna mtu alipita hapa mimi sikumwona. Mchunga ng'ombe anatazama ng'ombe wake."

Nikalia chini ya kitenge changu, kwa furaha sasa, hata siwezi kuwaeleza.

"Ndaga," nikaliambia lile shuka. Ahsante. Nikaongeza kwamba hata mimi sikuona kitu.

Nyumbani tulifika salama. Jioni Lugano alikula uji bakuli mbili, na kesho yake asubuhi zizi likafunguliwa kama kawaida, ila walipofika kwa Karani mzee alisema amehamia ng'ambo kwa wajomba zake, na mtoto akakubali. Mimi nilikuwa jikoni tangu kabla hawajaamka. Nyama niliichemsha mpaka ikaachia mfupa, nikaichambua, nikaiponda pamoja na ndizi zilizoiva, nikafunika, nikaiweka pale mzee anapochukulia chakula chake.

Akala. Nilisikia kijiko kikikwangua bakuli. Kisha akasema polepole, wala si kwa kuku wala kwa Lugano, "Nkamwana, leo nimeshiba."