Sura Zilizokaa Kwenye Kamera

Siku Lusungu, fundi viti, alipomwona kwa mara ya kwanza mpiga picha wa Mabibo, mzee huyo alikuwa akimkemea bwana harusi: "Bana tumbo, baba, au nikutoe nalo hivyo hivyo pichani?" Kamera yake ndogo ya dijitali ilijaa kiganjani, na kabla ya kila picha aliipangusa lenzi kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Picha za watu hakuzifuta hata moja. Waliofiwa walikuja kibandani kuwatazama wapendwa wao kwenye kile kioo kidogo, naye aliwashikia kamera mpaka watosheke.

Lusungu aliiazima apige picha viti vyake vya kuuza. Kamera ikagoma, ikaleta maandishi ya Kiingereza. Kwa elimu yake ya darasa la saba, akaona haya kuuliza, akabonyeza kitufe mpaka maandishi yakaondoka. Picha zote za mzee zikaondoka nayo. Akairudisha, hakusema neno.

Alikuwa bado pale kibandani asubuhi hiyo Mama Hope, mjane wa mtaani, alipokuja kumwangalia marehemu mumewe. Vidole vya mzee vikabonyeza, vikarudi, vikabonyeza tena. "Njoo kesho, mama," alisema. Siku hizi Lusungu hupita njia ya nyuma ili wasikutane, kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoambiwa na mzee ni ya asubuhi ile, mama alipokwisha ondoka:

"Fundi, nadhani nimezifuta mwenyewe. Usimwambie mtu, nakuomba."